Ving'amuzi viwili, dishi moja: kwa nini splita inakuangusha

Televisheni ya pili ikishaingia nyumbani, swali linalofuata ni lile lile: dishi lililoko juu ya bati linaweza kulisha ving'amuzi viwili, au lazima ninunue jingine? Linaweza. Dishi lenyewe ni bati lililopinda tu, kazi yake kukusanya mawimbi ya setilaiti na kuyaelekeza mahali pamoja, na halina habari na idadi ya televisheni zilizoko chini. Ugumu unaanzia kwenye LNB, kile kichwa kinachoshikiliwa na mkono mbele ya dishi, na kwenye waya unaoshuka kutoka hapo.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Unaenda dukani Kariakoo, unaeleza shida yako, unapewa splita ya bei ndogo yenye tundu moja upande huu na mawili upande ule. Fundi anaifunga, anawasha ving'amuzi vyote viwili, picha zinatoka, analipwa, anaondoka. Jioni Simba inacheza. Sebuleni wamekaa na mpira, chumbani mtu anabadilisha chaneli akitafuta tamthilia, na ghafla sebuleni kioo kinakuwa cheusi, maandishi ya kukosa mawimbi yanajitokeza. Chumbani wakirudisha chaneli ya mwanzo, mpira nao unarudi. Kesho yake king'amuzi kinalaumiwa, kampuni inapigiwa simu, LNB inabadilishwa kwa nyingine ya aina ile ile, na tatizo linabaki palepale.

Nimeona pesa nyingi za watu zikiishia kwenye mzunguko huo, na inauma, kwa sababu chanzo chake kinaeleweka kabisa ukishajua jambo moja: waya wa dishi haushushi picha tu. Unapandisha amri.

Kinachopanda na kinachoshuka

LNB haina betri wala plagi ya ukutani. Inaishi kwa umeme mdogo unaotoka kwenye king'amuzi na kupanda kwa waya ule ule unaoshusha mawimbi. Umeme huo haupandi kwa kiwango kimoja. King'amuzi kinaweza kupeleka takriban volti 13 au takriban volti 18, na tofauti hiyo ya volti 5 ndiyo lugha yenyewe. Volti 13 maana yake "niletee mawimbi ya wima". Volti 18 maana yake "niletee ya mlalo". Juu ya volti hizo king'amuzi kinaweza kuongeza mlio wa kilohezi 22, ambao sikio halitausikia ila LNB inautambua, na maana yake ni "niletee upande wa juu wa masafa".

Kwa nini LNB isilete kila kitu kwa pamoja, king'amuzi kichague chenyewe? Hesabu inakataa. Setilaiti zinazotumika kwa televisheni za majumbani kwetu ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na nyingi zinarusha katika masafa yanayoitwa Ku, kati ya gigahezi 10.70 na 12.75. Upana wa masafa hayo ni gigahezi 2.05. Kisha masafa yale yale hutumika mara mbili, mara moja mawimbi yakiwa wima na mara moja yakiwa mlalo, bila kuingiliana. Jumla inakuwa gigahezi 4.1. Waya wa kawaida hauwezi kubeba masafa makubwa kiasi hicho bila kuyapoteza njiani, kwa hiyo LNB huyapunguza kwanza: inatoa gigahezi 9.75 kwa upande wa chini, au gigahezi 10.60 kwa upande wa juu, na kinachobaki ndicho kinachoshuka. Chaneli iliyorushwa kwenye gigahezi 12.2 inafika kwenye king'amuzi ikiwa gigahezi 1.6. Nafasi inayotumika ndani ya waya ni megahezi 950 hadi 2150 tu, yaani gigahezi 1.2. Mzigo wa 4.1 hauingii kwenye nafasi ya 1.2.

Ndiyo maana mzigo umekatwa robo nne: wima ya chini, mlalo ya chini, wima ya juu na mlalo ya juu. Kila unapobonyeza rimoti, king'amuzi kinaangalia chaneli unayoitaka iko robo ipi, kinapandisha volti na mlio unaostahili, LNB inageuka na kushusha robo hiyo nzima, kisha king'amuzi kinachomoa chaneli yako humo. Yote hayo yanafanyika ndani ya ile sekunde moja ya kioo cheusi kati ya chaneli na chaneli.

Sasa weka splita katikati. Tundu la LNB ni moja, wanaoliamuru ni wawili. Sebuleni wanataka wima, chumbani wanataka mlalo. Splita nyingi zinazopitisha umeme pande zote zina dayodi ndani, na dayodi huachia volti iliyo kubwa ipite. Kwa hiyo 18 inashinda 13. Anayetazama chaneli za mlalo kwa kawaida hapati shida, na wala haelewi mwenzake analalamikia nini. Anayetazama za wima ndiye anayekatikiwa kila mara. Splita za aina nyingine zinapitisha umeme upande mmoja tu, kwa kawaida tundu lililochorwa mstari au lililowekewa alama. Hizo zinamfanya mmoja kuwa mwenye amri moja kwa moja na mwingine kupokea masalia: chochote chumba cha kwanza kitakachochagua, chumba cha pili kitaishi ndani ya robo hiyo hiyo. Kikizimwa king'amuzi cha kwanza kwenye soketi, wote wawili wanakosa.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana siku ya kufunga. Splita ya njia mbili inagawa nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, maana yake kila upande unapoteza zaidi kidogo ya desibeli 3. Siku ya jua hutaona kitu. Masika ikiingia, matone ya mvua hunyonya mawimbi ya Ku kabla hayajafika kwenye dishi, na yule ambaye akiba yake ya nguvu ilishakatwa nusu ndiye anayekatikiwa kwanza na kurudishiwa mwisho.

"Mbona kwa jirani inafanya kazi?"

Hoja hii hutolewa sana na mafundi, na mara nyingine wanasema kweli. Ikitokea chaneli zote mnazotazama nyumbani ziko robo moja, ving'amuzi vyote viwili vitakuwa vinatoa amri ile ile, na splita haitamgombanisha mtu. Watu wanaweza kukaa hivyo muda mrefu. Siku kampuni ikihamisha chaneli kadhaa kwenda robo nyingine au ikiongeza mpya, kilichokuwa kinafanya kazi kinagoma, na hakuna aliyegusa kitu nyumbani.

Wengine wanachanganya na antena. Ving'amuzi vinavyopokea mawimbi ya minara ya ardhini, vile vilivyoenea Dar es Salaam baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, havitoi amri ya aina hii kwa antena. Antena inaleta yote, televisheni inachagua. Huko splita ni kifaa halali kabisa, na nyumba nzima inaweza kulishwa na antena moja ukiongeza kikuza mawimbi. Fundi aliyezoea antena akihamia kwenye dishi na mazoea yake, splita anahama nayo. Tena splita ya antena nyingi imeandikwa ubavuni mwisho wa masafa yake, 862 au 1000 megahezi, wakati ya dishi inatakiwa ifike angalau 2150. Ukifunga ya antena kwenye waya wa dishi, unakuwa umeongeza kosa juu ya kosa.

Kisha kuna swichi ya DiSEqC, kile kiboksi kidogo chenye matundu manne yaliyoandikwa LNB na moja lililoandikwa kipokezi. Kwa sura inafanana na splita, kwa kazi ni kinyume chake. Hiyo inaunganisha LNB nyingi kwenye king'amuzi kimoja, kwa mtu mwenye madishi mawili au matatu anayetaka kutazama setilaiti tofauti kwa kipokezi kimoja. Ukiigeuza kichwa chini ili igawe LNB moja kwa ving'amuzi vinne, haitafanya hivyo.

Vipo pia ving'amuzi vyenye tundu la pili nyuma, limeandikwa kutoa mawimbi ya LNB. Waya ukitoka hapo kwenda king'amuzi cha pili, cha pili kinapata uhuru kamili wakati cha kwanza kimepumzishwa kwa rimoti. Cha kwanza kikiwaka, amri ni zake. Kwa mtu anayeishi peke yake, anayehamisha macho kutoka sebuleni kwenda chumbani, mpangilio huu unatosha kabisa na hauna gharama. Kwa familia ni splita ile ile kwa sura nyingine.

LNB yenye matundu ya kutosha

Suluhisho la kawaida, na ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi, ni kubadilisha LNB iliyopo na kuweka yenye matundu mawili au manne. Kwenye boksi utaona imeandikwa Twin au Quad. Zipo hata za matundu manane, Octo. Ndani ya LNB hiyo kila tundu lina swichi yake, linasikiliza volti za waya wake peke yake. Sebuleni wakitaka mlalo ya juu na chumbani wakitaka wima ya chini, kila mmoja anapewa robo yake kwa wakati mmoja, na nguvu haigawanywi. Sharti lake ni moja: kila tundu linashuka na waya wake hadi kwenye king'amuzi chake. Ving'amuzi viwili, nyaya mbili. Ukiunganisha tena nyaya hizo kwa splita njiani umerudi ulikotoka.

Ukiwa dukani, soma neno lililoandikwa kwenye boksi mpaka mwisho. Quad na Quattro zote zina matundu manne, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote iliyo karibu. Quattro haisikilizi amri. Kila tundu lake limefungwa kwenye robo moja daima, na limetengenezwa kwenda kwenye multiswichi, boksi la kugawa mawimbi nitakalolieleza mbele. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye king'amuzi utapata sehemu tu ya chaneli zako, nyingine hazitakuja kamwe, na utadhani dishi limesogea.

Kubadilisha LNB si kazi kubwa, ila inaharibika kirahisi kwa sababu ya pembe. LNB hukaa kwenye bano lake ikiwa imezungushwa kwa kiasi fulani, ili wima na mlalo ya kwake ilingane na wima na mlalo ya setilaiti inavyoonekana kutoka ulipo. Huku kwetu karibu na ikweta mzunguko huo unaweza kuwa mkubwa, hasa kwa setilaiti iliyo mbali upande mmoja wa anga. Azam TV inapatikana kwenye setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki. Mtu aliyeko Dar es Salaam, kwenye nyuzi 39 na kidogo, anaitazama setilaiti hiyo upande wa magharibi, juu kiasi cha nyuzi 52 kutoka upeo wa macho, na LNB yake haikai wima kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha. Kwa hiyo kabla hujalegeza skrubu ya bano, chukua makapeni uchore mstari mmoja unaopita juu ya LNB na bano kwa pamoja, na mwingine unaoonyesha LNB imeingia ndani kiasi gani. LNB mpya ikikaa na tundu zake zikielekea kule kule na kina kile kile, umeshafika karibu sana; kinachobaki ni kuizungusha polepole huku mwenzako akikusomea kipimo cha ubora kwenye kioo. Asome ubora, siyo nguvu. Kipimo cha nguvu hupanda hata kwa kelele tupu.

Dishi lenyewe usiliguse. Kosa la nyuzi moja tu kwenye shabaha linaweza kukuondolea picha, na kulirudisha bila kifaa cha kupimia kunaweza kukumalizia mchana mzima.

Watu huuliza pia kama dishi moja linaweza kubeba LNB mbili, moja ya Azam na moja ya DStv. Huku Afrika Mashariki DStv inatumia nyuzi 36 mashariki. Kwa Dar es Salaam setilaiti hiyo iko karibu na utosi, nyuzi 81 hivi juu ya upeo, na Nairobi iko karibu chini yake kabisa; ndiyo maana madishi ya DStv huku kwetu yanaonekana kama yamelala chali. Kati ya 7 na 36 kuna nyuzi 29. Dishi la kawaida linaweza kubeba LNB ya pili ikiwa setilaiti zinapishana kwa nyuzi chache. Kwa 29 haiwezekani. Nunua dishi la pili.

Nyumba ya kupanga

Tazama paa la nyumba ya vyumba sita Tandika au Manzese: madishi matano, sita, yamepigiwa misumari kwenye fito na ukuta, mengine yamefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Yote yanatazama setilaiti ile ile. Kila mpangaji alikuja na king'amuzi chake, dishi lake na fundi wake, na kila fundi alitoboa bati mahali papya. Mvua ikinyesha mwenye nyumba ndiye anayeziba.

Dishi moja zuri la sentimita 90, LNB ya Quattro na multiswichi vinamaliza hali hiyo. Multiswichi ni boksi linalopokea robo zote nne kwa nyaya nne, kisha linatoa matundu manane, kumi na mawili, kumi na sita au zaidi. Kila king'amuzi kinapeleka volti na mlio wake kwenye boksi, boksi linakipa robo yake. Nyingi zina tundu la tano la kuingiza antena ya ardhini, hivyo waya mmoja ukutani unabeba vyote viwili. Boksi linataka umeme wake, na linataka kukaa mahali pasipofikiwa na mvua. Kila mpangaji anaendelea kulipia kifurushi chake kwa kadi yake. Kinachochangiwa ni dishi tu, na hakuna sheria inayovunjwa hapo. Kwa wenye nyumba wanaojenga sasa, pitisha mabomba ya waya kutoka darini hadi kila chumba kabla plasta haijapigwa. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kupasua ukuta baadaye.

Kwa nyumba za wageni mantiki ni hiyo hiyo, ila angalia mkataba. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuonyesha chaneli kwenye baa, hoteli au banda umiza, na kampuni zina vifurushi vya biashara kwa ajili hiyo.

Waya mmoja usioongezeka

Kuna nyumba ambazo waya wa pili haupiti. Bomba limejaa, slabu haitoboki, au nyumba si yako. Kwa hizo ilitengenezwa teknolojia inayojulikana kwa jina la Unicable. Hapa king'amuzi hakigeuzi tena LNB kwa volti za kawaida. Kinatuma ujumbe wa kidijitali unaosema: mimi ni namba 2, nataka chaneli iliyoko kwenye masafa fulani, niwekee kwenye kituo changu. LNB inachukua kipande hicho kidogo tu na kukishusha kwenye masafa yaliyotengewa namba 2 ndani ya waya, mfano megahezi 1420, huku namba 1 akitumia 1210 na namba 3 akitumia 1680. Hawagongani kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake. Kiwango cha kwanza, EN 50494, kinaruhusu hadi watumiaji 8 kwenye waya mmoja. Kilichofuata, EN 50607, kinafika 32.

Na hapa, tofauti na kote nilikotaja, splita inafaa, mradi iwe ya masafa ya setilaiti na inayopitisha umeme pande zote. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kubishana kuhusu splita na wote wakawa sahihi: mmoja ana LNB ya kawaida, mwingine ana Smart LNB, yaani ile ya Unicable.

DStv wanaitumia njia hii kwa king'amuzi cha Explora, ambacho kinaweza kurekodi chaneli mbili huku unatazama ya tatu. Kazi hiyo inahitaji vipokezi vitatu ndani ya boksi moja, na kila kimoja kinataka namba yake. Hapo ndipo penye mtego: Explora moja inakula namba tatu peke yake. Ukiongeza king'amuzi kingine kwenye waya huo huo na kukipa namba ambayo Explora inaitumia, vitaingiliana kwa namna ya ajabu, leo kinakatika hiki, kesho kile, na fundi asiyefahamu atabadilisha kila kifaa. Namba ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya televisheni. King'amuzi kisichokuwa na uwezo wa Unicable hakiingii kwenye mfumo huu kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Huduma yao ya XtraView, inayounganisha ving'amuzi viwili au vitatu kwenye akaunti moja kwa malipo ya ziada badala ya kulipia vifurushi viwili kamili, ni jambo jingine: hiyo ni ya malipo, na bado kila king'amuzi kinahitaji njia yake halali ya kufika kwenye LNB. King'amuzi cha pili pia kinatakiwa kiendelee kupata mawasiliano ya kile kikuu. Mawasiliano hayo yakikatika, kinagoma hata kama mawimbi ya dishi ni mazuri.

Labda huhitaji king'amuzi cha pili

Uliza nyumbani kwanza: mnataka kutazama vitu tofauti kwa wakati mmoja, au mnataka tu kile kinachoonyeshwa sebuleni kionekane na jikoni? Kama ni hilo la pili, king'amuzi kimoja kinatosha. Splita ya HDMI inatoa picha moja kwa televisheni mbili au zaidi, chaneli ikiwa ile ile kote. Waya wa HDMI wa kawaida unaanza kusumbua ukipita mita 10 hadi 15. Kwa umbali zaidi kuna vifaa vinavyopitisha picha hiyo kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, na vingine vinarudisha hata amri za rimoti ili aliye jikoni asilazimike kutembea. Na kwa mtu mmoja anayetaka tamthilia yake chumbani, programu za simu za Azam na DStv zinafanya kazi hiyo, ila hesabu bando lako kwanza.

Waya na vichwa vyake

Matatizo mengi ninayoyaona baada ya LNB sahihi kufungwa yanatoka kwenye waya. Tumia RG6 wa omu 75. Waya mwembamba wa kamera za ulinzi unaingia kwenye konekta na picha itatoka, lakini unapoteza mawimbi zaidi kwa kila mita. Hata RG6 mzuri, mita 100 zake zinapoteza karibu desibeli 20 kwenye megahezi 950 na karibu 30 kwenye 2150, kwa hiyo usiache mizunguko ya ziada imefungwa darini. Uti wa katikati uwe shaba tupu. Nyingi za bei ya chini ni chuma kilichopakwa shaba. Ukikwaruza kwa kisu utaona weupe. Mawimbi hayajali, umeme unajali. LNB nyingi huhesabu volti 11.5 hadi 14 kuwa wima na 16 hadi 19 kuwa mlalo. King'amuzi kinapeleka 18, waya mrefu wa chuma unakula volti kadhaa, LNB inapokea 15, na haijui ifanye nini. Dalili yake ni nusu ya chaneli kupotea kwenye chumba kilicho mbali, huku chumba cha karibu kikiwa salama.

Kabla ya kugusa konekta yoyote chomoa ving'amuzi vyote ukutani, vyote viwili, maana sasa kuna nyaya mbili zenye umeme. Menya ganda la nje, rudisha nyuma nyuzi za waya wa kinga zikumbatie ganda, kisha tazama kwa makini kwenye mwanga: unywele mmoja tu wa kinga ukigusa uti wa katikati, umeshafanya shoti, na tundu la LNB au king'amuzi linaweza kuungua. Uti utokeze milimita chache tu mbele ya konekta. Juu kwenye LNB, shusha waya kwanza kidogo chini ya konekta kabla haujapanda kwenye mkono wa dishi, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Funika konekta kwa kofia ya mpira au tepu inayojigandisha yenyewe. Ukanda wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, chumvi ya hewani inakula konekta isiyofunikwa haraka sana, na kutu ya kijani kwenye uti wa shaba inatoa dalili zile zile za LNB mbovu.

Fundi akimaliza, fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Sebuleni acha chaneli moja inaendelea. Chumbani pitia chaneli zote za kifurushi chako, moja baada ya nyingine, huku mtu akitazama sebuleni. Isikatike hata mara moja. Kisha badilisha: chumbani paache, sebuleni ndiko wapitie. Halafu zima kabisa king'amuzi cha sebuleni kwenye soketi, pitia tena chumbani, na ufanye kinyume chake. Pakikatika popote kati ya hatua hizo nne, kuna splita iliyojificha njiani, au tundu moja la LNB halifanyi kazi, au namba za Unicable zimegongana. Mwambie fundi afuate waya kwa mkono kutoka nyuma ya televisheni mpaka juu kwenye dishi.